Uliyemlilia Kanisani

Tangini, Kibaha
9 Februari 1976

Baba, shikamoo.

Mkono wangu unaanza kupona. Hapa kwa masista nasaidia jikoni, ila mihogo ya huku ni michungu kuliko ya Msimbu.

Mama alikuja kunitazama. Amesema kwamba siku ya Mtakatifu Agatha wewe, katekista, ulilia mbele ya waumini ukisimulia jinsi liwali wa Kirumi alivyomtaka yule binti, naye akakataa kwa kuwa amejitoa kwa Mungu, akateswa mpaka akafa. Watu wakapanga mstari kuibusu picha yake.

Baba, mimi nilimkataa meneja wa duka la ushirika kwa maneno hayo hayo. Ukasema, "Unaniaibisha mbele ya kijiji kizima!" Ukachukua mchi. Huyo uliyemlilia, angezaliwa nyumbani kwako, ungemvunja mkono na yeye.

Nina hasira, na sitaomba radhi.

Meneja akiuliza, mwambie nimeomba kuingia utawani. Usimwambie nilitoroka. Nilitoka mchana kweupe, kwa mlango wa mbele, nawe umesimama unaniangalia.

Ni mimi mwanao, uliyenibatiza jina lake,
Agatha