Mjomba, Nimebaki Wizarani

Kwa Mama, chumba cha uani,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mnaendeleaje na baridi ya huko? Mkazamjomba hajambo? Watoto je? Na mgongo wako, umekubali kutulia? Sisi huku wazima. Mama amenenepa na hataki kuambiwa.

Nisamehe kwa kukawia kukujibu. Uliponiandikia kwamba kampuni yenu inatafuta mkemia na umeshaniombea nafasi, nilifurahi mno. Ila nilikuwa nimebanwa na jambo wizarani, na leo ndiyo naweza kukueleza.

Tulikuwa tunaandaa kanuni ya kuzuia madini ya risasi kwenye rangi za nyumba na madarasa. Rangi ikibanduka watoto huila pamoja na vumbi lake, na sumu ile huwadumaza akili. Wenye viwanda wakaomba miaka kumi ya kujiandaa. Rasimu ikaandikwa hivyo hivyo, tayari kupelekwa kwa Waziri.

Jumanne, kikaoni, Mkurugenzi akauliza, "Kuna mwenye neno?"

Feni tu inalalamika. Nikasimama.

"Mtoto anayezaliwa leo," nikasema, "kanuni hii ikianza kumlinda atakuwa anavaa viatu vya mama yake." Nikaeleza kwamba viwanda viwili humu humu nchini vimeshaacha risasi, na rangi zao zinauzika vizuri tu.

Mkurugenzi akavua miwani. Nikajua leo kazi sina. Kumbe! Akamgeukia mwanasheria wetu: "Futa kumi. Andika miwili."

Ijumaa Waziri akatia saini. Mjomba, yule mwanasheria, mama mtu mzima asiyecheka hata ukimtekenya, alipiga kigelegele kwenye korido mpaka walinzi wakaja mbio!

Sasa Mama anamwambia kila anayepita kwamba bintiye ameandika sheria ya nchi. Namwambia ni kanuni tu, tena tuliiandika wengi. Hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

Kwa hiyo Mjomba, nafasi hiyo wampe mwingine. Najua utanuna kidogo. Ni kweli, vikao vingine huku ni kutwanga maji kwenye kinu. Lakini nimeonja siku ambayo maji yaligeuka unga, na mwonja asali haonji mara moja.

Msalimie sana Mkazamjomba, na kitindamimba wenu mbusu mashavu yote mawili. Mola awalinde, awalete likizo salama mje tucheke pamoja.

Mpwa wako akupendaye,
Kidomo