Dole Gumba Lako Kwenye Miwani Yangu

Kaka Karisa,

Shikamoo. Najua huko uliko huitikii, lakini mama alitufunza kuwa mkubwa hasemeshwi kabla ya kuamkiwa, na mimi, hata ukiwa chini ya mchanga, ni mdogo wako Ngumbao.

Tangu tukuzike mvua imenyesha mara mbili, na machimbo yamesogea. Shimo la mawe sasa liko hatua tisa kutoka kwenye koma za baba na mama. Nimezipima mwenyewe, na miguu yangu unaijua, mtu mwingine angefikisha kumi na tano. Vile vigingi viwili vya koma tulivyowachongea, roho zao zipate pa kukaa, bado vimesimama. Nawamwagia tembo la mnazi kama ulivyokuwa ukifanya, naacha kidogo kwenye kifuu. Asubuhi yake nakikuta kifuu kimejaa vumbi jeupe la mawe, limeshindiliwa, wala upepo haukuvuma.

Kigingi chako hatujakisimika. Watu wa machimbo wamesema hapana kusimikwa kitu ndani ya seng'enge yao. Yao, Kaka! Kwa hiyo kiko chumbani kwangu, kimeegemea ukuta. Nakiweka kikitazama mlango, naamka kinanitazama mimi.

Jumatatu tunaingia kortini. Kadzo wako ndiye aliyepeleka kesi. Aliisoma ile karatasi uliyotia dole, akanijia nayo mkononi. "Baba mdogo, hapa pameandikwa tumeiachia ardhi milele, sisi na watakaozaliwa. Nani alimsomea baba?"

Nikamwambia sikumbuki. Mimi! Mimi ninayekumbuka jina la kila meli niliyoifungia makontena pale bandarini Kipevu!

Kaka, ile hadithi yangu ya Kanada. Jinsi nilivyokwenda na meli hadi nchi ya maziwa makubwa, nikapasua barafu kwa paji la uso, nikakaribishwa na Waanishinaabe, wenyeji wa kule, nikala samaki mrefu kama mtumbwi. Ulikuwa ukiniambia niirudie kila mgeni akija. "Hebu mwambie, Ngumbao, mwambie ule uzito wa samaki!"

Sikufika. Meli niliyosafiri nayo mbali kuliko zote ni feri ya Likoni.

Aliyenihadithia ni mpishi wa meli ya ngano, Muanishinaabe mwenyewe, tulikaa naye mchana mzima kwenye kivuli cha kontena. Akachukua kipande cha boksi akanichorea korongo, kambare na dubu. Akasema zamani wazee wao walipoletewa karatasi za serikali ya mkoloni, wengi walitia sahihi kwa kuchora mnyama wa ukoo wao. Kwa mdomo wa mkalimani waliambiwa mtaendelea kuwinda na kuvua kama kawaida, ardhi ni yetu sote. Karatasi ilisema wameisalimisha. Walipokuja kuelewa, wageni walikuwa wameshajenga. Akamtazama yule korongo, akaniambia, "Huyu bado yuko kwenye karatasi. Amesimama pale mpaka leo."

Hayo yalikuwa kweli. Uongo wangu ni kujitia ndani yake.

Nilipokusimulia, wewe ukaniuliza, "Sasa sisi tungechora mnyama gani?" Nikakwambia, "Wewe mgema, jichore tumbili!" Ukacheka mpaka tembo likakutoka puani. Ukainua dole gumba lako la kulia, lile lenye kovu la kotama, kisu chako cha kugemea, lililolikata katikati. "Mimi hili linanitosha. Hakuna mwenye jingine kama hili Kisauni nzima."

Watu wa machimbo walipokuja na karatasi yao ukasema, "Sitii dole mpaka mdogo wangu asome. Huyo amefika Kanada." Nikavaa miwani. Unajua niliivaaje, taratibu, kama hakimu. Nikasoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio: watachimba mawe upande wa chini tu, minazi yako utaendelea kuigema, koma hazitaguswa, wakimaliza watafukia. Kaka, karatasi ilikuwa ya Kiingereza cha mawakili, changu ni cha kupiga soga bandarini, na shule niliishia darasa la nne. Kila nilipokwama nilitia neno langu mwenyewe, na nilikwama karibu kila mstari. Nilikusomea ulichotaka kusikia. Ukatia dole. Seng'enge ikaja, ukakatazwa kupanda mnazi wako mwenyewe, ukalala ukasema kifua, hukuamka tena.

Kumbe katika ile hadithi nilikuwa na kazi yangu kweli. Si ubaharia. Mkalimani.

Nawe unajua. Kila asubuhi nikichukua miwani mezani, kioo cha kushoto kina alama ya dole, la vumbi jeupe, na mstari umeikata katikati. Naifuta. Miwani nimeifungia sandukuni, nimeizungushia kitambaa. Nikiifungua, alama ipo. Na inatoka upande wa ndani, Kaka, upande wa jicho.

Sasa sikiliza. Jumatatu nitasimama mbele ya hakimu, Kadzo akisikia, majirani wakisikia, wale waliozoea kuniita Baharia wakisikia. Nitasema: marehemu hakujua alichotilia dole, kwa sababu aliyemsomea hakuweza kuisoma karatasi ile. Wacha wacheke. Kama ardhi itarudi sijui. Lakini kigingi chako nitakisimika kati ya baba na mama, hata kama ni kwa kuruka seng'enge na tumbo langu hili.

Lala, Kaka. Usinipe mgongo.

Nilitaka kumalizia kwa ile sahihi yangu ya madaha yenye mikia mitatu. Nimeiacha. Nimechukua masizi ya sufuria, nimeweka dole gumba langu hapa chini, mara moja tu.

Alama ni mbili. Moja nyeusi, ni yangu. Ya pili ni nyeupe, na ina mstari katikati.