Nyuki Ndani ya Paa la Landrova

Jumanne mchana, Same. Jua kali, upepo umeanza mapema na vumbi lake, na kule juu milimani ukungu haujaondoka tangu asubuhi.

Sasa hivi Sifa ameivaa sufuria ya makande kichwani. Nilikuwa nimeiosha nikaipindua juu ya kigoda ikauke, nikageuka kutafuta kalamu, mara nasikia "bo! bo!" Kugeuka, mtoto kaingia ndani ya sufuria mpaka mabegani, anajiita mwenyewe. Akisema "bo", sufuria inamjibu, anacheka. Anatembea, anagonga ukuta, anaanguka kitako, anacheka tena. Nimemtazama mpaka nikasahau kumvua. Nikawa najiuliza humo ndani anasikia nini. Sauti yangu inamfikia kubwa au ndogo? Mwanga anauona upande gani?

Ndiyo maswali yangu ya siku hizi. Kila kitu chenye kifuniko nakitazama kwa ndani.

Maana leo ndiyo siku ya kukitoa kibanda.

Nieleze vizuri. Mwalimu wetu wa elimu ya watu wazima alituambia ukiandika, andika kama unamsimulia mtu ambaye hakuwepo. Haya, wewe ambaye hukuwepo, sikiliza. Ushirika wa mafundi hapa Same umepewa kazi ya Landrova ya zahanati, ile inayopanda mlimani Mhezi kuchukua wagonjwa. Nyuma yake ni wazi, inafunikwa turubai tu. Baba Sifa ni fundi bodi hapo ushirika. Anatengeneza kibanda kigumu cha kufunika nyuma yote, mgonjwa alale ndani kama yuko nyumbani. Kibanda cha bati alikikataa, kwa sababu bati linapiga kelele kwenye mashimo na juani linamkaanga mtu. Hiki ni cha faiba. Ni nyuzi nyeupe kama za pamba iliyosukwa ovyo. Unazilaza, unazipaka gundi nzito, zikikauka zinakuwa ngumu kama pembe ya ng'ombe, na bado nyepesi.

Hapa petu hakuna aliyeijua. Imeletwa na Fundi Shomari, mtu wa Tanga, ambaye kule alikuwa akizibia mashua. Alishuka kwenye treni na pipa moja la gundi na robota moja la nyuzi. Gundi yenyewe anaiita uji. Pipa limekwisha, robota limekwisha. Kibanda kikiharibika hakuna uji mwingine, na Landrova itapanda tena mlimani na turubai lake lile lile.

Na mvua za vuli ndizo hizo zinakuja.

Wifi yangu Namkunda, dada yake Baba Sifa, yuko huko Mhezi na mwezi wake ndio huu. Nesi amemwambia mtoto amekaa vibaya, asithubutu kuzalia nyumbani, ashuke hospitali huku chini. Atashuka na Landrova hiyo hiyo, siku yoyote uchungu ukianza.

Mimi kushuka huko nakujua. Uchungu wa Sifa ulinianza tukiwa bado tunakaa Mhezi kwa mama mkwe, na mvua ilikuwa inanyesha. Nilishushwa chini ya turubai. Lilikuwa linapigapiga kama kuku aliyefungwa miguu, kila kona maji yaliyokusanyika juu yananimwagikia, na giza totoro. Uchungu niliuvumilia. Kilichonitesha zaidi ni kutojua tumefika wapi. Nilikuwa namuuliza mama mkwe, "Tumefika wapi?" naye haoni, anajibu, "Tumefika mahali." Nilimkasirikia! Mahali gani? Leo tunacheka, lakini siku ile sikucheka.

Ndiyo maana Baba Sifa alipoanza kuchora kibanda kwa chaki kwenye sakafu ya karakana, mimi nikaenda na kikapu cha chakula nikakaa. Sikuondoka. Nikauliza, "Dirisha liko wapi?"

Akasema dirisha liko hapa juu, nesi akikaa aone nje.

"Na aliyelala?"

Akaitazama chaki yake. Fundi Shomari akamwambia, "Mwenzangu, hapo umeulizwa."

Basi Baba Sifa akasema, "Lala."

"Nilale wapi, na vumbi lote hili?"

"Lala hapo kwenye chaki, nikupime."

Nikatandika khanga nikalala kwenye sakafu ya karakana, kichwa mbele, magoti juu kama mzazi, na Sifa kanipanda tumboni anadhani ni mchezo. Wanawake waliokuwa wanapita kwenda bombani wakasimama mlangoni. Mmoja akaita, "Mama Sifa, umeishiwa kitanda?" Nikamjibu, "Nashonewa gari, dada." Baba Sifa akaweka ubao ulipofika usawa wa macho yangu, akapiga alama. Dirisha likashuka, likawa refu na jembamba, ubavuni. Mtu akilala ataona migomba inapita, ataona kona, atajua amefika mahali gani.

Siku ile nilirudi nyumbani nikitembea kama nimepewa zawadi.

Tangu hapo nikawa siachi kuuliza. Kwa nini paa halikai bapa kama meza, si ndiyo rahisi? Fundi Shomari akaniambia, "Shemeji, nenda nyumbani kaminye kibuyu." Nikaenda nikaminya. Kibuyu changu cha maziwa ni chembamba kama ganda la karanga, lakini mgongoni pake nimekikalia na hakikubonyea. Nikatafuta kipande cha kile kilichopasuka, ile sehemu iliyonyooka. Hicho kilivunjika kwa vidole viwili. Kwa hiyo ni ule mviringo! Nimekuwa nikichota maziwa kwa kibuyu tangu utoto, sikuwahi kujiuliza. Sasa paa la kibanda limetuna kidogo katikati, na pembeni lina kifereji cha kupeleka maji nyuma, yasimwagikie mlangoni nesi anapofungua. Kifereji hicho wamekibishania siku nzima, mpaka makande yakapoa.

Haya. Sasa nije kwenye nyuki.

Faiba hailazwi hewani. Kwanza walitengeneza umbo kubwa la mbao na plasta, kama hori la kunyweshea ng'ombe, lakini lenye sura ya kibanda kilichopinduliwa. Wanaliita kalibu. Unapaka uji na nyuzi ndani ya kalibu, zikikauka unakitoa kibanda kama unavyotoa mkate kwenye bati lake. Na kama ilivyo kwa mkate, usipopaka kitu kwanza, kinagandana humo humo. Fundi Shomari alikuwa na kopo la nta ya dukani, likaisha kabla hajafika nusu.

Mimi nikasema, "Nta? Nta si ipo kwa baba!"

Baba yangu yuko kijijini Kisiwani, ana mizinga ya nyuki. Nikatuma salamu, ikaja nta fungu zima limefungwa kwenye jani la mgomba. Nilifurahi kama mtoto. Nikaiyeyusha jioni ile ile, nikaipeleka karakana ikiwa bado vuguvugu, wakapaka, wakasugua na gunia, kalibu ikang'aa. Ila mimi kwa haraka zangu sikuichemsha kwenye maji na kuichuja kama mama alivyonifundisha. Asali ilikuwa bado imo. Kidogo tu, huku na huku.

Jumamosi wakaanza kupaka uji alfajiri kabla ya upepo, milango wametundika magunia mabichi kuzuia vumbi. Vumbi kweli lilizuiwa. Nyuki hawakuzuiwa. Kwanza mmoja, halafu watatu, halafu wakaja kama wameitwa mkutano. Harufu ya kwao wanaijua. Wanatua kwenye uji, wananasa. Baba Sifa anapaka kwa mkono mmoja, kwa mwingine anapunga kofia. Fundi Shomari anaruka kama anacheza ngoma, anapiga kelele, "Wapare nyie! Mimi nimefanya kazi hii Tanga miaka yote, sijaona gari lenye nyuki!"

Kusimama haiwezekani, maana uji ukishatiwa dawa ya kuugandisha haukungoji. Kwa jua letu hili kopo la kwanza lilichemka lenyewe likatoa moshi. Walichopoa nyuki kwa vijiti, wale walioweza. Mmoja amebaki humo kwenye paa. Uji ulishamganda, mabawa ameyafungua, kama anataka kuondoka.

Mimi nimesimama pale na Sifa mgongoni. Nilitaka kulia. Fundi Shomari akanitazama, akamgeukia Baba Sifa. "Nyie si ndio mnashitakiana mpaka mnauza ng'ombe kwa kesi ya kuku? Haya, wapelekeni hawa nyuki mahakamani."

Baba Sifa akasema bila kuinua kichwa, "Tutawapeleka. Na tutashinda, wamekutwa eneo la tukio."

Tukacheka wote. Lakini usiku nilimsikia anageuka kitandani. Nyuki mwenyewe hakuwa tatizo. Mahali palipobaki asali, nta haikushika mbao vizuri, na hapo uji unaweza kuwa umegandana na kalibu. Ukivuta, kibanda kinapasuka. Hakuniambia kwa ukali. Aliniambia tu nilipomuuliza, na hilo limeniuma zaidi.

Asubuhi ya leo wameanza. Kabari za mbao pande zote, nyundo ya mpira, pole pole. Upande wa kulia kilitoa mlio kama mtu anayevunja vidole, kikaachia. Upande wa kushoto, kimya. Wakamwaga maji baridi kwenye ufa ulio kati ya kibanda na kalibu, ndivyo wanavyofanya Tanga, yanapenya yanasukuma. Hakikutikisika. Upande wa kushoto ndio uliopakwa zaidi nta yangu.

Nilirudi nyumbani kumpa Sifa uji, uji wa kweli, wa ulezi. Nikaikuta sufuria. Hii hii iliyo kichwani mwake. Ndiyo niliyoyeyushia nta, na kando yake kulikuwa na utando uliogoma siku tatu kwa maji ya mtungi na mchanga. Nikaitia maji ya moto tu, bila kufikiri, maana nilitaka kupika makande. Utando ukaondoka wenyewe. Nikasimama nikiutazama unavyoelea. Nta inalainishwa na moto. Asali inayeyushwa na maji. Basi maji ya moto...

Sikumaliza hata kufikiri, nikachukua birika la maji ya moto na debe nikakimbia, Sifa kwapani. Sikujua kama ni akili au ni ujinga. Nilisema, "Jamani, nauliza tu. Faiba inaogopa maji ya moto?"

Fundi Shomari akajikuna shingo. "Yakichemka sana, sipendi. Ya kuoga mtoto, haina neno."

"Ya kuoga mtoto mimi nayajua." Nikachanganya ya birika na ya baridi ndani ya debe.

Baba Sifa alichovya kiwiko ndani ya debe, kama ninavyofanya mimi nikimwogesha Sifa. Sijui alijifunza lini, sikujua kama huwa ananitazama. Akamimina taratibu kwenye ufa wa kushoto. Tukasubiri. Hakuna kitu. Akasema yaache yapenye, tusivute, tukivuta sasa tutajuta. Akaniambia, "Nenda nyumbani, Mama Sifa. Ukisimama hapo nitavuta kabla ya wakati. Kikitoka, tutakiweka tu juu ya gari, halafu nitakuita uje ulale ndani tuone dirisha kama liko sawa."

"Na kisipotoka?"

"Basi sitakuita."

Kwa hiyo niko hapa nyumbani naandika ili nisiende mlangoni kuchungulia. Nimepeleka madebe mengine mawili, nimeweka chini, nimeondoka bila kutazama. Dereva wa zahanati alipita hapa akasema Namkunda anasalimia, na kwamba ameanza kulala ubavu mmoja tu. Huko juu kumenyesha jana.

Najiuliza mambo mengi. Mvua ikipiga juu ya faiba, italia kama bati au itanyamaza kama nyasi? Namkunda ataona migomba na kusema, "Tumefika kwa fulani," au atafumba macho tu? Na yule nyuki. Faiba hii haijapakwa rangi, mwanga unapenya kama kwenye kibuyu ukikiweka juani. Aliyelala chini atamwona juu yake, kivuli kidogo chenye mabawa. Baba Sifa anataka kupaka paa lote rangi nyeupe, lisipate joto. Nimemwomba hapo penye nyuki aache padogo, upana wa kisahani. Mtu mwenye uchungu anataka kitu cha kutazama. Hajasema ndiyo, hajasema hapana.

Jambo moja nimejiamulia: leo likienda vibaya, sitaacha kuuliza. Nitaiogopa haraka yangu, siyo maswali yangu. Na Sifa akikua akiuliza kwa nini, sitamwambia nyamaza.

Ameshaivua sufuria mwenyewe. Ananitazama, nywele zimelala kwa jasho, kama aliyetoka safari ya mbali. Sasa anaigeuza, anatazama ndani, anatafuta nani alikuwa anamjibu.

Kimetoka, hakijatoka? Upepo umetulia kidogo, nasikia nyundo. Sasa siisikii. Kikitoka kizima, kitu cha kwanza nitakachofanya nikishalala humo ni kufumba macho, halafu niyafumbue taratibu nione kama

Wananiita. Ni Baba Sifa mwenyewe, yuko barabarani, anapiga kelele mbele za watu wote, "Mama Sifa! Njoo ulale!" na majirani wanacheka, na sauti hiyo sijaisikia tangu siku ile alipokuja hospitali akaambiwa mtoto ni mzima. Naacha kalamu, naenda.