Nilizipaka Rangi Kadi za Moyo, Aibu Akaibeba Mwenzangu

Mpendwa mshauri, kabla hujanisaidia naomba unisitiri, usitaje jina langu wala la shule yangu, maana mimi ni mtu mzima, nina miaka hamsini na saba na wajukuu wawili, na hili ninalokuandikia nimeshindwa kulisema hata mbele ya mke wangu, ambaye ananijua mpaka ninavyokoroma.

Mimi ni mwalimu wa biolojia, nimefundisha miaka thelathini na moja, na kwa miaka yote hiyo watu wananijua kwa kitu kimoja tu, nachora. Nina jina la utani ambalo ukiliandika nimekwisha, kwa hiyo wewe niite Mwalimu Chaki. Nipe chaki nyekundu na ya buluu, nitakuchorea moyo wa binadamu ubaoni bila kufungua kitabu, vyumba vyake vinne, vali zake, mishipa yote, na nina mtindo wangu mwenyewe, kwenye kila mshipa naacha mstari mwembamba usio na rangi upande mmoja ili uonekane una mviringo, na darasa linanyamaza lenyewe.

Sasa mwaka huu shule ikaletewa tableti kumi na tano pamoja na kadi zake. Wenyewe wanaita uhalisia ulioongezwa, na hilo jina peke yake lilinitoa jasho. Unailaza kadi mezani, unaielekezea kamera ya tableti, na pale kwenye kioo unaona kiungo kimesimama juu ya kadi, moyo unadunda, unauzunguka, unautazama kwa nyuma, unaufungua ndani. Aliyepewa kazi ya kutufundisha walimu ni binti mmoja wa idara yangu, yuko kwa mkataba wa muda, na nilimfundisha mimi mwenyewe tangu kidato cha kwanza. Mpaka leo ananiita "Mwalimu wangu" mbele za watu.

Siku ya mafunzo nilisema tumbo linaniuma. Uongo mtupu, tumbo lilikuwa zima, nilichoogopa ni kuonekana nababaika na kioo mbele ya mtoto niliyemfundisha mimi kushika hadubini, na walimu wenzangu wote wanatazama. Akanifuata baadaye ofisini, akaniambia, "Mwalimu wangu, siku ukipata nafasi nikuelekeze peke yako, dakika ishirini tu." Nikamjibu, "Usijali mwanangu, hivyo vitu navijua." Nilivijua wapi?

Kadi zilikaa kwenye kabati langu kwa sababu mimi ndiye mkuu wa idara na ufunguo ninao mimi. Siku tatu kabla ya siku ya wazazi nikazitoa nizitazame, na mshauri, zilikuwa mbaya jamani! Picha ya moyo nyeusi na nyeupe, imejaa mabaka na vijisanduku pembeni, utasema fotokopi iliyoishiwa wino. Nikajiuliza, wazazi wataonyeshwaje kitu cha hivi? Nikachukua kalamu zangu za rangi, nikakaa alasiri nzima, nikapaka kadi moja moja, nyekundu huku, buluu huku, na vile vijisanduku nikavifuta kwa wino mweupe. Za moyo zote kumi na tano nilizimaliza, za figo sikuzigusa kwa kuwa kalamu nyekundu ilikuwa imekauka. Naapa nilikuwa nasaidia. Binti alipokuja kuziomba azijaribu, nikamwambia subiri, nitakuletea mwenyewe siku yenyewe, kuna kitu nataka ukione. Nilitaka afurahi.

Siku ikafika. Wazazi wamejipanga ukutani, Mkuu wa shule kavaa suti, wageni walioleta tableti wamekaa mbele. Nikamkabidhi binti kadi za moyo peke yake, pale pale darasani, akazigawa haraka haraka, akasema, "Haya, elekezeni kamera kwenye moyo." Tableti zote ziko juu na hakuna kilichotokea, watoto wanasogea mbele, wanarudi nyuma, wanafuta kioo kwa mkono wa shati, mpaka mmoja akasema kwa sauti, "Mwalimu, moyo umekufa!" Darasa zima likaangua kicheko, na wazazi nao wakacheka. Binti akachukua kadi moja, akasogea nayo dirishani, akaitazama kwa muda, kisha akainua macho akaniangalia mimi, nikadhani anaomba msaada. Akaiweka mezani kifudifudi, akasema, "Samahanini wazazi, vifaa vimegoma. Kosa ni langu, nilipaswa kuvijaribu mapema."

Mkuu akamjia juu hapo hapo. "Wiki tatu unatusifia mashine, kumbe hata kuzitumia hujui?" Kisha akanigeukia, "Mwalimu Chaki, tuokoe." Na mimi, mshauri, nikaenda ubaoni nikaokoa. Nilichora moyo kama sijawahi kuchora, makofi yakapigwa, mzazi mmoja akarekodi, na ile video sasa inazunguka kwenye kundi la wazazi kwenye simu, imeandikwa "Mashine haimshindi mwalimu". Shemeji kanipigia kunipongeza. Mke wangu kaionyesha kwa majirani nyumba zote za mtaa wetu. Kila anayeniambia hongera natamani ardhi inimeze.

Maana kesho yake, wakati wa mapumziko, nilijifungia maabara na tableti moja. Nikajaribu kadi ya moyo, hakuna kitu. Nikajaribu ya figo, ile ambayo sikuigusa. Figo ikasimama juu ya meza, nzima, inang'aa, nzuri kuliko yoyote niliyowahi kuchora. Nikakaa kwenye kiti cha mwanafunzi. Ndani ya boksi la kadi kulikuwa na karatasi ya maelekezo, na mstari wa kwanza kabisa, kwa herufi kubwa, unasema usiandike wala kupaka chochote juu ya kadi, kwa sababu ile tableti inaitambua kadi kwa hayo hayo mabaka na vijisanduku.

Ungedhani nilikwenda kusema. Sikwenda. Nilizifungia kadi kabatini, na wiki hiyo hiyo Mkuu aliponiuliza, "Wewe kama mkuu wa idara, huyu binti unamwonaje?" nikajibu, "Bado kijana, atajifunza." Maneno hayo nikiyakumbuka hata chakula hakipiti. Ijumaa ijayo kamati ya shule inakaa kuamua kama mkataba wake uendelee, na Mkuu ameshasema haoni sababu, tena tableti zenyewe zirudishwe. Binti hajalalamika kwa mtu. Juzi alinikuta peke yangu ofisini, akasimama mlangoni, akasema, "Mwalimu wangu, asante kwa kutuokoa siku ile." Akawa kama anasubiri kitu. Nikajifanya natafuta miwani, na miwani ilikuwa usoni.

Nimefikiria niagize kadi nyingine kimya kimya, kisha nimwambie ajaribu tena. Nimefikiria niugue mpaka Ijumaa ipite. Nikisema ukweli, miaka thelathini na moja inageuka kichekesho, na imebaki mitatu tu nistaafu. Nisiposema, naona haya hata kushika chaki. Nifanye nini, mshauri?

Ni mimi, Mwalimu Chaki.

*

Shikamoo, Mwalimu. Umenizidi umri, kwa hiyo nimeanza na heshima. Sasa nisikilize.

Kupaka kadi rangi si dhambi. Nakiri nilicheka, na pale kwenye wino mweupe nilicheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akauliza kuna nini. Ni ujinga wa mtu anayeipenda kazi yake, na ungesema siku ile ile mngecheka wote, na binti angekuwa wa kwanza. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wewe ulikimbia kufundishwa dakika ishirini, na sasa hizo dakika zimekugharimu hata chakula. Mpaka hapo nakuonea huruma, kwa sababu hakuna aliyezaliwa anajua vioo hivi, na kuzeeka kazini huku watoto uliowafundisha wanakupita si jambo jepesi.

Lakini "bado kijana, atajifunza"? Hapana, Mwalimu. Hilo halikutoka kwenye kalamu ya rangi. Ulilisema ukiwa umeshaiona figo imesimama mezani, unajua kila kitu, na ulimsukuma mtoto wa watu shimoni ili wewe ubaki na makofi. Hayo makofi ni kilemba cha ukoka. Hapo nakugombeza, na ungekuwa ndugu yangu ningekugombeza kwa sauti.

Tena rudi usome barua yako mwenyewe, pale alipokwenda na kadi dirishani. Eti ulidhani anaomba msaada! Baba, huyu umemfundisha tangu kidato cha kwanza. Ameunakili moyo wako daftarini mara ngapi? Ule mstari mwembamba usio na rangi upande mmoja wa mshipa, nani mwingine hapo shuleni anauacha? Ufunguo wa kabati anao nani? Nani alimwambia asubiri, kuna kitu nataka ukione? Alijua. Alijua kabla yako wewe. Akailaza kadi kifudifudi ili Mkuu asije akaiona, akasema kosa ni langu. Wewe unaniomba nikusitiri, na kumbe kuna mtu ameshakusitiri mbele ya umati, kwa kazi yake mwenyewe.

Na kwa ile asante ya mlangoni alikuwa anakupa nafasi useme. Wewe ukatafuta miwani.

Kadi mpya usiagize kwa siri, na kuugua usijaribu, umeshaugua mara moja na unaona yaliyotokea. Kesho asubuhi kabla kengele haijalia mfuate yeye kwanza, kabla ya Mkuu, ukiwa na kadi mkononi. Mwambie, "Nilizipaka mimi, na nilinyamaza nikijua. Nisamehe." Usiongeze "lakini" baada ya hapo. Akilia, mwache alie. Akikasirika, ana haki, kaa umsikilize mpaka amalize.

Kisha nendeni kwa Mkuu, na ubebe tableti, kadi moja ya moyo na moja ya figo. Weka zote mbili mezani kwake na umwache aangalie mwenyewe, hutahitaji hotuba. Yale uliyomjibu kuhusu binti yafute kwa mdomo ule ule. Ijumaa uingie kwenye kamati ukaseme tena, umesimama, usitume barua. Sikuahidi kwamba watamwachia mkataba. Nakuahidi tu kwamba ukikaa kimya hawatamwachia.

Na kwa kuwa yeye alivunjiwa heshima mbele ya wazazi, wazazi nao wausikie ukweli. Lile kundi la simu lililobeba makofi yako libebe na hili. Andika wewe, kwa jina lako, usimwachie Mkuu akupambie. Mkeo mwambie leo, kabla hajaisoma kwa jirani aliyemwonyesha video.

Unaogopa kuchekwa. Utachekwa, sikufichi. Watoto watakutungia jina jipya kabla ya Jumatatu kwisha, na shemeji hatakuacha mpaka ustaafu. Vumilia, kicheko hakijaua mtu. Chaki hakuna aliyekunyang'anya, na moyo wako wa ubaoni bado ni mzuri, ndiyo maana binti aliutambua kwa kuutazama mara moja.

Ukishamaliza yote hayo, zimebaki zile dakika ishirini. Nenda ukamwombe. Kaa kwenye kiti cha mwanafunzi, yeye asimame, na akikuuliza kama umeelewa, na wewe hujaelewa, mwambie, "Sijaelewa, mwalimu wangu. Rudia."