Githeri Baridi Juu ya Bomba

Jumatano, Julai. Baridi hapa Waithaka inauma mifupa, na manyunyu hayajakatika tangu jana jioni. 

Leo nimemkaba mtu koo.

Niandike kwa utaratibu, maana nisipoeleza sitapata usingizi. Kiwanda chetu ni kidogo, kiko bondeni si mbali na Dagoretti Corner. Tunayeyusha vyuma chakavu kwa tanuri la umeme, tunavimimina viwe vipande virefu, kisha vipande hivyo hupashwa moto tena kwenye tanuri la mafuta ili vikandamizwe kuwa nondo. Moshi wa tanuri hilo la mafuta una joto kali ajabu, na kwa miaka mingi ulipanda dohani ukapotelea mawinguni. Nilipostaafu, tajiri mwenye kiwanda aliniita nirudi nimsaidie. Tukajenga bomba la kuupeleka moshi ule kwenye chumba cha vyuma chakavu. Chuma kinachoingia kwenye tanuri la umeme kikiwa na joto tayari hakihitaji umeme mwingi ili kiyeyuke. Joto tulilokuwa tukilitupa likapata kazi.

Lina kazi ya pili, ambayo haionekani kwenye bili ya stima. Hukausha vyuma vilivyolowa.

Vijana wa zamu waliligundulia ya tatu. Kila asubuhi hupanga mikebe yao ya githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, juu ya bomba, na saa ya chakula ikifika githeri inatoa mvuke. Nimewaona wakigombania nafasi pale kama watoto.

Leo mchana Wambua, fundi wa tanuri la umeme, alinijia na mkebe wake mkononi.

"Mzee, hii githeri ni barafu. Umefunga hoteli?"

"Nenda ukamlilie mama watoto," nikamjibu. Wenzake wakacheka. Akala vijiko viwili, akavaa kofia yake yenye kioo cha uso, akarudi kazini.

Mimi ni mtu wa polepole. Nilikunywa chai yangu nusu kikombe ndipo swali likanipiga: kwa nini ni baridi?

Nikaligusa bomba. Baridi tupu. Mtu alikuwa ameufunga mlango wa moshi, ule unaouingiza bombani, na vyuma vilikuwa vimelala uani vikinyeshewa. Nikainua macho. Kreni ilikuwa imeshabeba kikapu cha vyuma juu ya tanuri, maji yakichuruzika.

Nilikimbia. Nilipiga kelele. Mashine zikaimeza sauti yangu.

Maji yakizamishwa ndani ya chuma kilichoyeyuka hayachemki kama ya sufuria. Hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke huo unataka nafasi zaidi ya mara elfu ya ile ya maji. Nafasi haipo, basi unaitengeneza kwa nguvu. Tanuri lilitapika. Chuma cheupe kiliruka hadi juu, kikatoboa mabati, kikaturudia kama mvua. Wambua alikuwa akizunguka mahali pamoja, mkono wake wa kushoto unawaka. Hakuwa akilia. Kilio nilichokisikia kilikuwa changu. Tulimwangusha chini tukauzima moto kwa blanketi, na harufu ile bado iko puani mwangu ninapoandika.

Wakati wanambeba, nilimuuliza Kelvin, meneja wa zamu, ni nani aliyefunga.

"Ni mimi. Lakini Mzee, hiyo joto si ni ya kuokoa stima tu? Kupasha kunatuchelewesha, na hii oda ni ya Ijumaa."

Nilikuwa nimemweleza. Nilimchorea hata picha kwa chaki, sakafuni, siku yake ya kwanza. Aliitikia kwa kichwa huku akisoma simu.

Nilimshika koo kwa mikono miwili nikambana kwenye bomba lile lile baridi. Vijana wanne ndio walionitoa. Mimi ni mzee wa kanisa, watu huniletea ugomvi wao niusuluhishe. Nikiri hapa: sikutaka kuachilia.

Jioni nilimfuata Wambua hospitalini, katikati ya mji. Ataishi. Mkono wameuokoa, jicho moja bado hawajui. Aliitambua sauti yangu.

"Mzee, nani alimaliza githeri yangu?"

"Hakuna aliyeigusa."

"Sawa. Wasiiguse."

Nikiwa njiani kurudi, tajiri akapiga simu. Hakuuliza hali ya Wambua. Alisema tanuri letu la pili la umeme halikuguswa na mlipuko, kwa hiyo kesho liwashwe, na mlango wa moshi ubaki umefungwa hadi oda iishe. Nje bado kunanyesha.

Nimewapigia vijana wa zamu mmoja mmoja. Tumekubaliana.

Mkebe wa Wambua uko hapa mezani. Nimeuosha, na mke wangu ameujaza githeri mpya. Asubuhi nitaufungua mlango wa moshi kwa mkono wangu, niuweke mkebe juu ya bomba, na sote tutasimama tukiungoja. Githeri isipotoa mvuke, hakuna kikapu kitakachoinuliwa.

Kelvin akija kuufunga tena mlango huo, nitafanya nini?

Nimeitazama mikono yangu. Naomba asije.