Kadi ya Nyonga Uliyoichoma, Baba

Baba yangu,

Jumamosi wanamaliza kilio chako. Renovati, kitinda mimba wako, amenipigia simu kutoka Muyinga akasema pombe ya mtama imeshaiva, mabenchi yameazimwa kanisani, na kila mtoto atasimama kusema neno juu yako kama desturi ya kuganduka, kuvua matanga, inavyotaka. Mimi sitasimama. Niko Gitega, hospitalini, kitanda cha dirishani, na mguu wa kulia haunibebi tena. "Basi andika, dada, nitakusomea," akasema. "Ila uandike mazuri. Mzee amepumzika." Nikamjibu sawa. Nimeomba karatasi kwa muuguzi, na ninachoandika ni hiki. Nataka akisome chote mbele ya watu, asiruke hata mstari mmoja.

Nianze na mazuri, maana yapo, na ndiyo yanayoniuma zaidi. Unakumbuka lile lori la mahindi kule Tabora, ukimbizini? Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilianguka kutoka juu ya magunia, mfupa ukavunjika pale unapoingia kwenye nyonga, na miezi ikapita ukakataa kuunga. Ulinifunga kwenye baiskeli kwa kanga ya marehemu mama, ukaisukuma mpaka stesheni. Kwenye treni ya kwenda Mwanza ulikaa chini sakafuni, mguu wangu juu ya mapaja yako, usipate mtikisiko. Kila treni iliporuka ulisema "pole mama, pole mama," na mimi nilikuwa nalia kwa sauti bila aibu.

Dirishani pale hospitali karani aliuliza sisi ni raia wa wapi. Mkimbizi bila kibali angerudishwa kambini, hilo tulilijua wote wawili. Hukupepesa hata jicho. "Sisi Watanzania, bwana. Wanyamwezi wa Tabora." Kinyamwezi chenyewe ulikuwa unajua salamu tu! Karani akaandika, nikaingizwa, nikawekewa nyonga ya bandia. Siku ile nilikupenda, baba, mpaka nikakosa pa kuuweka upendo wenyewe.

Tulipotoka, muuguzi alikukabidhi picha kubwa ya mguu na kadi ndogo. Alikueleza polepole, mimi nikiwa hapo hapo na magongo yangu. "Mzee, hii inaonyesha aina ya chuma na ukubwa wake. Kitachakaa, si cha milele. Siku ya kubadilisha wataiuliza kadi hii. Na kila mwaka apigwe picha, hata kama haumwi." Ukaitia kwenye Biblia. Kwa wiki nzima ulikuwa unamwambia kila aliyepita kwamba bintiyo ana chuma cha kizungu ndani, ukaanza kuniita Mama Chuma. Nilijifanya nakasirika, lakini nilipenda.

Kisha tukarudi Burundi. Njiani mtu mmoja, hata jina lake hatukulijua, alisema kwamba wenye karatasi zinazowaita Watanzania hawatarudishiwa mashamba ya baba zao. Mtu mmoja tu, baba, tena alikuwa amelewa. Wiki ya kwanza Muyinga uliwasha moto nyuma ya jiko ukaanza kutia kila kitu. Vyeti vyetu vya shule, kadi za kliniki, mpaka kadi ya ubatizo ya Renovati. Nilikukuta umeshika yangu. Ilikuwa imeandikwa pale juu, kwa wino wa buluu: Uraia, Mtanzania.

Nikasema, "Baba, hiyo ni kadi ya mguu wangu."

Ukasema, "Mguu si unao? Nani atauliza karatasi ya kitu kilichomo mwilini?"

Nikakushika mkono. Ukanisukuma. Wewe, uliyenibeba kwenye treni, ulinisukuma nikakaa chini kwenye majivu. Kadi iliungua mara moja. Ile picha ndiyo iliyokataa, ikajikunja na kutoa moshi mweusi unaonuka, na wewe ukawa unaichokonoa kwa mti mpaka ikaisha.

Sasa wasikie na wanaokunywa hapo, maana walikuwepo. Majuma matatu baadaye wazee wa kilima chetu walikaa kusikiliza kesi yetu ya shamba. Shati lilikuwa limekulowa mgongoni. Matayo, jirani aliyekuwa analima shamba letu, ndiye uliyemwogopa usiku na mchana. Akasimama kabla hujaulizwa chochote. "Hili shamba ni ya kwao," akasema. "Baba yangu alituambia mbele afe, siku wakirudi tuwapatie. Mi sina maneno ingine." Basi! Asubuhi moja tu ikaisha. Hakuna aliyeomba karatasi. Tena mzee mmoja aliuliza kama tuna chochote cha kuonyesha tuliishi wapi miaka yote ile, ingesaidia kuandika vizuri kwenye daftari. Wewe ukasema hatuna. Nilikutazama, ukaangalia miguu yako.

Ningekusamehe hapo hapo, nakuapia. Mtu huogopa. Lakini shamba ulipolipata ndiyo ukazidi kuogopa. Niliposema niende hospitali nikapigwe ile picha ya mwaka, uling'aka. "Watakuuliza ulipasuliwa wapi na kwa jina gani. Utasema nini? Unataka watunyang'anye?" Mwaka wa pili nikauliza tena. Wa tatu nikanyamaza. Na hapa lawama ni yangu pia, siwezi kukutwisha yote. Mguu haukuniuma. Nilipanda kilima na kushuka, nililima, nilibeba ndizi kichwani. Nikasema moyoni, huyu muuguzi alitutisha bure.

Miaka kumi na tatu haukuniuma. Daktari wa hapa ameniambia ndivyo ugonjwa wenyewe ulivyo, haubishi hodi. Ni kijana, anaongea Kifaransa na Kirundi na Kiswahili kwa pamoja, ila ana subira. Alining'inizia picha dirishani, nikaona kuzunguka chuma changu kuna madoa meusi, mengine makubwa kama harage.

"Hapa, mama, mufupa haiko tena. Imekuliwa."

"Umeliwa na nini?"

Akanieleza. Nyonga yangu ni tufe la chuma linalozunguka ndani ya kikombe cha plastiki. Kila hatua inasaga plastiki kidogo, vumbi lisiloonekana kwa macho. Askari wa mwili wanalimeza lile vumbi, wanashindwa kulisaga, wanaita wenzao, na katika hasira yao wanaanza kuuyeyusha mfupa wenyewe. Mwili wangu ndio unaokula mfupa wangu, baba. Nilicheka, daktari akashangaa.

Lakini hakukimbilia hapo. Alisema mfupa wa kwenye kiungo unaweza kuisha kwa njia nyingi, lazima kwanza aondoe nyingine. Wadudu wanaweza kujificha kwenye chuma miaka mingi na kuutafuna mfupa taratibu, kwa hiyo alinichoma sindano ndefu kwenye kinena akavuta maji, akayapeleka kupimwa. Usaha hakuna. Kifua kikuu nacho hushuka kwenye viungo, hakuna. Bibi wa Nyarusange niliyelala naye jirani hana chuma chochote, vidole vyake vimeliwa na baridi yabisi mpaka vimepinda, anashikiwa kikombe. Wangu si huo. Cha mwisho alichonionyesha ni upande wa juu wa paja, ambapo mfupa umekuwa mwembamba bila shimo lolote. Pale chuma kimebeba uzito wote, mfupa ukakosa kazi, na mfupa usio na kazi mwili unaupunguza. Kwa hiyo mimi nina mawili, vumbi na uvivu wa mfupa. Neno hilo uvivu lilinichoma, na wewe unajua kwa nini.

Mwaka wako wa mwisho ulikuwa kitandani na mimi ndiye niliyekugeuza, kukuosha, kukulisha. Ndipo maumivu yalipoanza, kwenye kinena, kila nilipoinuka hatua tatu za kwanza. Sikukuambia. Nilichechemea tu. Nawe ulikuwa unanitazama kutoka kwenye mto. "Umekuwa mvivu, Spesiyoza. Unachechemea makusudi, kunikomoa. Unataka watu waseme nakutesa." Kila siku maneno hayo, mbele ya wageni, mbele ya padri. Siku moja nilishindwa kukuinua, mguu ukaniachia, tukaanguka wote wawili kando ya kitanda. Ukanipiga kofi ukiwa pale chini. Nami nikakuambia, "Kufa basi, nipumzike." Ulikufa siku ya pili yake.

Hayo Renovati hayajui. Sasa anayajua, na watu wote wanayajua. Ninajuta, baba. Ninajuta mpaka chakula hakipiti. Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kuyasikia kutoka kwangu, na hakuna wa kumwomba anifutie.

Basi sikia kilichobaki. Daktari aliniuliza, "We, karatasi ya hii proteze iko wapi?" Nikamwambia kadi ya nyonga iliungua. Akauliza kama nyumba iliungua. Nikasema hapana. Hakuuliza tena. Alinieleza kwamba chuma kilichozama ndani ya paja, wanachokiita shina, bado kimeshika vizuri upande wa chini. Kama angejua ni aina gani, angebadilisha tufe na kikombe tu, akaziba mashimo kwa mfupa wa kupandikiza, na ningerudi kulima baada ya miezi. Ila tufe lazima lilingane na shina lake, na la aina nyingine halikai. Renovati alipiga simu Mwanza mara nne. Wakatafuta kwa moyo, wakasema madaftari ya miaka ile hayapo tena. Daktari naye ameipeleka picha yangu kwa wenzake wa mbali. Kila mmoja anakisia chake.

Kwa hiyo Alhamisi inayofuata kilio chako atang'oa vyote, hata kile kilichoshika. Mfupa wa juu umebaki kama ganda la yai. Ukistahimili, ataweka shina jipya refu. Ukipasuka, ataondoa kila kitu na kufunga, nibaki sina nyonga kabisa, mguu mfupi na magongo mawili mpaka nife. Nilimuuliza ipi ina uwezekano zaidi. Aliangalia picha, akaangalia mikono yake, akasema, "Mama, mi nitajaribu sana." Nimetia sahihi.

Kadi yenyewe ilikuwa ndogo, ungeweza kuificha kwenye pindo la suruali, au chini ya jiwe, au kunipa mimi niimeze. Ulikuwa na njia mia. Nimelala hapa siku kumi na moja nazihesabu.

Najua watakachosema hapo: alimdanganya karani ili bintiye apone, akachoma karatasi ili bintiye apate pa kulima, yote kwa upendo. Ni kweli. Nami nasema upendo wako ulinipa mguu na woga wako umenichukulia, na kati ya hivyo viwili ni huu wa pili ninaoamka nao. Nakupenda, baba. Sijakusamehe. Wanaotaka nikusamehe Jumamosi kwa sababu pombe imeiva, wanywe tu.

Neno la mwisho ni la shamba. Uliponipa sehemu yangu mbele ya wazee, ile ya mteremko inayoshuka mpaka bondeni, ulisema hakuna atakayeigusa maadamu mimi ni hai. Ukaomba uzikwe humo humo, ulale karibu na mimi, na tulikuzika humo. Mimi siwezi tena kushuka ule mteremko, iwe Alhamisi itakwenda vizuri au vibaya. Kwa hiyo nasema mbele ya hao hao wazee, nikiwa na akili zangu timamu: kuanzia msimu huu sehemu hiyo ailime Matayo, yeye na wanawe, nisipate kitu. Renovati, usibishe, na usiikunje barua kabla hujamaliza. Matayo, kaka yangu, ukinisikia hapo ulipokaa, chukua. Anza kulima kutoka kaburini kwake kushuka chini, baba asikie ni jembe la nani.

Ni mimi binti yako wa kwanza, niliyekuosha na kukulaani,

Spesiyoza