Bakuli Lenye Jina Langu

Dada yangu Verna,

Hapa Lubbock vumbi ni lilelile. Leo nimepika kile chakula cha oveni: nyama ya kusaga yenye viungo vya Kimeksiko vya taco, maharage, chipsi za mahindi, jibini juu. Watoto wamekula wakamaliza.

Jirani yetu Coralee alipofiwa na mumewe, nilimpikia hichohicho. Nikabandika jina langu chini ya bakuli, kama mama alivyotufunza, ili lirudi. Nikampa mume wangu Dwayne apeleke.

"Peleka wewe, mimi wafiwa siwawezi."

"Nenda bwana, hatakung'ata."

Akaenda, akazoea kwenda. Jana Coralee kalirudisha bakuli, limeoshwa likatakata. Mume wangu kabaki kwake.

Dwayne sikumbandika jina.

Mdogo wako,
Marlys